Majeraha ya Michezo na Maumivu ya Viungo: Namna ya Kuyakinga na Namna ya Kupona

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Lushoto)



Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Julai, wanaushirika wa dunia nzima huadhimisha siku yao. Desturi hiyo ilianza mwaka 1923, na mwaka 1995 Umoja wa Mataifa nao uliitambua. Katika milima ya Usambara siku kama hiyo haipiti bila michezo. Asubuhi ukungu umetanda mabondeni na baridi ya Julai inauma. Hotuba zinasomwa, watu wamekaa kwa saa mbili. Halafu wanaume wanavua makoti, kina mama wanafunga vibwebwe, na watu ambao hawakugusa mpira tangu Julai iliyopita wanaingia uwanjani kukimbia kama vijana wa shule.

Chukueni mfano wa karani mmoja wa mizani. Jina lake halina haja ya kutajwa, kwa kuwa karibu kila chama kinaye. Umri wake ni miaka 47. Siku zote yuko kituoni, anapima majani mabichi ya chai na kuandika vitabu. Siku ya michezo anapangwa kucheza pembeni kwa sababu zamani alikuwa hodari wa mbio. Katika dakika ya tano anaukimbilia mpira, na mara anahisi kishindo nyuma ya kisigino kana kwamba amepigwa teke. Anageuka kumtazama aliyempiga, hakuna mtu. Watazamaji wanacheka. Jioni anachuliwa kwa mafuta ya moto na kuambiwa ajikaze kiume. Jumatatu mizani haina mtu wake, na wanachama wanasubiri na vikapu mgongoni hadi majani yananyauka. Juma la tano ndipo anapokwenda hospitali, na huko anaelezwa kwamba kano kubwa ya kisigino ilikatika siku ile ile, na kwamba amechelewa.

Hasara hiyo ni ya nani? Ni ya karani, ni ya watoto wake, na ni ya chama kizima. Chama hukagua mizani, hukagua vitabu na kuhesabu magunia ghalani. Lakini mwili wa mwanachama, ambao ndio unaolima, unaochuma na unaobeba, haukaguliwi na mtu mpaka siku utakapoanguka. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Shabaha ya mazungumzo haya si kuwakataza watu michezo. Michezo ni afya na ni umoja, na mtu asiyejinyoosha huzeeka upesi kuliko anayecheza. Shabaha ni kueleza jambo moja ambalo likishikwa sawasawa litaokoa miguu mingi. Jambo lenyewe ni hili: majeraha mengi ya michezo huja pale mwili unapotwikwa ghafla mzigo ambao haukuzoeshwa, na kupona kwake huja pale mwili unaporudishiwa mzigo huo kidogo kidogo.

ASILI YA MAUMIVU

Misuli, kano na mifupa ni vitu hai. Vikifanyishwa kazi huchoka na kuumia kidogo. Vikipata chakula, usingizi na muda hujijenga upya, vikawa na nguvu kuliko mwanzo. Hiyo ndiyo siri ya mazoezi yote. Lakini viungo hivyo havijijengi kwa mwendo mmoja. Pumzi huongezeka katika majuma machache, misuli hufuata, kano na mifupa huchukua miezi. Kwa hiyo mtu aliyeanza mazoezi mwezi mmoja uliopita hujiona ana pumzi ya kutosha na kuongeza mbio maradufu, huku kano zake ni zile zile za zamani. Hapo ndipo anapoumia, naye husema amerogwa au amezeeka.

Wapo watakaouliza: mtu wa Mlalo au wa Mtae hupanda na kushuka milima tangu utoto wake, anahitaji mazoezi gani tena? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba mwili huzoea kile unachokifanya, na hicho tu. Kupanda mlima kwa hatua za kawaida hujenga pumzi na mapaja. Hakumfundishi mtu kukimbia kwa kasi, kusimama ghafla, kugeuka na kuruka. Misuli ya nyuma ya paja na kano ya kisigino hushtushwa na mambo hayo manne zaidi ya mengine yote. Mkulima hodari anaweza kubeba kabichi kutoka bondeni hadi barabarani bila kutweta, na akachanika msuli katika mbio za mita hamsini.

Vile vile kuna tofauti kati ya kupanda na kushuka. Katika kupanda, moyo ndio unaofanya kazi kubwa. Katika kushuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: hujikaza huku inavutwa. Kazi ya namna hiyo ndiyo iletayo maumivu yale yanayoanza siku ya pili na kuzidi siku ya tatu, hata mtu akashindwa kuchuchumaa. Maumivu hayo si ugonjwa. Huisha yenyewe, na mtu akirudia kazi ile ile baada ya siku chache huumia kidogo kuliko mara ya kwanza. Maumivu yanayostahili kuogopwa ni yale yanayotokea mara moja mahali pamoja, yenye uvimbe, au yanayomfanya mtu achechemee.

Umri nao una sehemu yake, ila si kubwa kama watu wanavyodhani. Ni kweli kwamba baada ya miaka 40 misuli hupungua, na kano hupoteza ulaini wake. Lakini uwezo wa kujijenga haufi. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston, Marekani, walitoa taarifa ya wazee 10 wenye umri wa miaka 90 hivi, waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee. Wazee hao walizoezwa kuinua vitu vizito kwa miguu yao, kwa kipimo na chini ya uangalizi, kwa muda wa majuma 8. Nguvu ya misuli ya mapaja yao iliongezeka, kwa wastani, kwa asilimia 174. Ikiwa mtu wa miaka 90 aweza, mwanachama wa miaka 55 hana udhuru.

KINGA

Jambo la kwanza ni kuanza mapema. Chama kinachotaka kucheza Julai kianze mazoezi katikati ya Mei. Siku mbili kwa juma zatosha, jioni baada ya kazi. Juma la kwanza watu watembee haraka na kukimbia polepole kwa zamu. Juma la pili na la tatu waongeze muda wa kukimbia. Mbio za kasi na kugeuka ghafla zije mwishoni, na zisizidi kipimo cha mwili. Anayeongeza kidogo kila juma hufika. Anayeongeza yote siku moja huanguka njiani. Mwenda pole hajikwai.

Jambo la pili ni kupasha mwili moto kabla ya kila mchezo. Kusimama mstarini na kuvuta mguu mara mbili tatu hakutoshi. Shirikisho la soka la dunia, FIFA, kwa msaada wa madaktari wake, lilitengeneza mwaka 2006 utaratibu wa mazoezi 15 unaochukua dakika 20 tu. Utaratibu huo umejaribiwa katika nchi nyingi, na Afrika imo. Mwaka 2014 ilitolewa taarifa ya jaribio lililofanywa Lagos, Nigeria, kwa vijana wanaume 416 wa timu 20. Timu zilizofuata utaratibu huo zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41 kuliko timu zilizoendelea na desturi zao. Hakuna dawa dukani inayoweza kujivunia hivyo, na utaratibu huo hauhitaji chombo chochote ila mpira na watu wenye nia.

Mpango wake una sehemu tatu. Dakika 8 za mwanzo ni za kukimbia polepole wawili wawili, huku mkizungusha nyonga, mkienda kando na kurudi nyuma. Dakika 10 zinazofuata ni za nguvu na mizani ya mwili: kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu huku mgongo umenyooka kama ubao, kusimama kwa mguu mmoja huku mwenzako akikusukuma kidogo, kuchuchumaa na kuinuka, magoti yakielekea mbele wala yasiingie ndani, na kuruka na kutua kwa ulaini. Dakika 2 za mwisho ni za kukimbia kwa kasi na kubadili mwelekeo.

Katika mazoezi hayo limo moja linalostahili kutajwa peke yake. Mchezaji hupiga magoti juu ya nguo laini, na mwenzake humshika vifundo vya miguu kwa nguvu. Kisha mchezaji huinamia mbele taratibu, mwili umenyooka toka magotini hadi kichwani, akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja mpaka ashindwe, ndipo hujipokea kwa mikono. Mara 3 hadi 5 zatosha mwanzoni. Zoezi hilo, likifanywa kwa muda wa majuma kadhaa, hupunguza kuchanika kwa misuli ya nyuma ya paja kwa karibu nusu.

Jambo la tatu ni uwanja na vifaa. Viwanja vingi vya milimani vimechongwa ubavuni mwa kilima: upande mmoja kuna ukingo, upande wa pili kuna mteremko. Siku moja kabla ya mchezo katibu awapeleke watu watatu wakaokote mawe, wafukie mashimo na kuweka alama mahali pa hatari. Wachezaji wavae viatu. Mwenye viatu asigombanishwe na asiye navyo kuwania mpira mmoja. Maji ya kunywa yawepo hata kama kuna baridi.

Kwa mchezo wa kuvuta kamba, yapo masharti mawili yasiyovunjwa. Mkoa wa Tanga ndio kitovu cha katani, na kwa sababu hiyo kamba hupatikana kwa urahisi. Lakini kamba kuukuu iliyolowa mvua huoza kwa ndani huku nje inapendeza. Ichunguzwe urefu wake wote, na ikitiliwa shaka isitumike. Pili, mtu asijizungushie kamba mkononi wala kiunoni kwa hali yoyote. Mwaka 1997 mjini Taipei, Taiwan, kamba ilikatika katika mchezo wa namna hiyo na wanaume wawili wakakatika mikono.

Jambo la nne ni kupanga watu kwa rika na kwa hali zao. Wazee wacheze na wazee, dakika 10 kila kipindi, na wabadilishane kwa uhuru. Huko Uingereza, katika mji wa Chesterfield, mwaka 2011 ulianzishwa mpira wa miguu wa kutembea kwa ajili ya watu wenye umri mkubwa. Anayekimbia huadhibiwa. Mchezo huo umeenea nchi nyingi, wala hakuna aibu ndani yake. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya kifua, na amwone mganga kabla ya kujiandikisha.

MTU ANAPOUMIA

Uamuzi wa kwanza ni mmoja: atoke uwanjani. Asiulizwe kama anaweza kuendelea, kwa maana mbele ya watu kila mtu husema anaweza.

Aliyepigwa kichwani akazimia hata kwa nukta chache, akatapika, akasahau au kuchanganyikiwa, asirudi mchezoni siku hiyo na apelekwe kwa mganga. Aliyeanguka na shingo ikauma, au mikono na miguu ikafa ganzi, asiinuliwe wala kugeuzwa ovyo. Alazwe alivyo, kichwa kishikwe kisitikisike mpaka msaada ufike. Kiungo kilichopinda, mfupa uliotokeza, au mguu uliopoa na kubadilika rangi, ni safari ya hospitali bila mjadala. Kiungo kifungwe kwa vipande vya mbao vilivyozungushiwa kitambaa, wala mtu asijaribu kukinyosha.

Kwa kifundo cha mguu kilichoteguka ipo kanuni rahisi iliyotolewa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992. Ikiwa majeruhi hawezi kupiga hatua 4, au akibonyezwa kwenye mfupa wa kifundo, upande wa nyuma au kwenye ncha yake ya chini, anaumia sana, basi apigwe picha ya eksirei, kwa kuwa pengine mfupa umevunjika. Akiweza kutembea na mifupa hiyo haina maumivu, kwa kawaida ni kuteguka tu.

Kwa kisigino kama cha yule karani, jaribio ni hili. Majeruhi alale kifudifudi, nyayo zake zikitokeza nje ya ukingo wa kitanda au benchi. Abinywe shavu la mguu. Katika mguu mzima wayo husogea wenyewe. Wayo usiposogea, kano imekatika. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo au kesho yake. Akiwahi, aweza kupona vizuri kwa kufungwa mguu au kwa kupasuliwa, kama daktari atakavyoona. Akichelewa majuma, kazi huwa ngumu na nguvu za mguu hupungua.

Zahanati na kituo cha afya ndipo pa kuanzia. Zipo hospitali ya wilaya ya Lushoto na hospitali ya Bumbuli. Na mambo makubwa hupelekwa Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi. Waunga mifupa wa kienyeji wanaheshimika katika jamii, lakini mfupa hauonekani kwa macho. Picha itangulie. Kitu cha kuogopa zaidi ni kufungwa kwa kukazwa mno: vidole vikivimba, vikafa ganzi au kubadilika rangi, kifungo kilegezwe papo hapo, la sivyo mguu waweza kuoza.

Maumivu madogo hutunzwa nyumbani. Siku 2 au 3 za mwanzo kiungo kisibebeshwe uzito wa kukiumiza. Kizungushiwe bendeji isiyokaza sana. Kiinuliwe juu ya mto mtu alalapo. Maji baridi, au kitambaa kilicholowa maji ya mtoni, kwa dakika 10 hadi 15, hupunguza maumivu. Mwaka 1978 daktari Gabe Mirkin wa Marekani ndiye aliyeeneza shauri la kupumzika kabisa na kuweka barafu. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alilirekebisha shauri lake, akasema kwamba barafu nyingi na mapumziko marefu huenda yakachelewesha kupona, kwa sababu uvimbe wa mwanzo ni sehemu ya kazi ya mwili kujitengeneza. Basi baridi itumike kwa kutuliza tu, wala isifanywe ndiyo tiba. Katika siku hizo za mwanzo maji ya moto, pombe na kuchuliwa kwa nguvu viepukwe, kwani huzidisha kuvuja damu ndani.

Dawa za maumivu zisitumiwe kumrudisha mtu uwanjani. Maumivu ni mlinzi. Kumnyamazisha mlinzi hakumfukuzi mwizi. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni, zikitumiwa kwa muda mrefu bila shauri la mganga, huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, hasa kwa wazee na wenye shinikizo la damu.

MFANO WA NDUGU AKHWARI

Penye majeruhi hakukosi mtu wa kumtaja Ndugu John Stephen Akhwari, ili kijana aliyeumia aone haya na kuendelea. Yafaa habari yake isimuliwe yote.

Katika Olimpiki ya mwaka 1968 mjini Mexico, mji ulio juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,240 hivi, Ndugu Akhwari aliiwakilisha Tanzania katika mbio za marathoni. Misuli ilimkaza njiani, kisha akaanguka, akaumia goti na bega. Alifungwa bendeji akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na nukta 26. Ndugu Akhwari aliingia uwanjani giza likiingia, akichechemea, zaidi ya saa nzima baadaye, akiwa wa mwisho miongoni mwa 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Nchi ilimheshimu kwa hilo, na ilistahili kumheshimu.

Lakini ziko sehemu mbili za habari hiyo ambazo husahauliwa. Ya kwanza: alikuwa mwanariadha aliyejiandaa kwa miaka, katika mashindano makubwa kuliko yote, naye alijiamulia mwenyewe gharama atakayolipa. Karani anayeshindania mbuzi wa Siku ya Ushirika hakutumwa na nchi. Ya pili: Ndugu Akhwari hakuishia Mexico. Alipona, akarudi mazoezini, na mwaka 1970 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh akawa wa tano katika marathoni. Anayetaka kumfuata na amfuate hata hapo: ajiandae kabla, na baada ya kuumia apone sawasawa ndipo arudi.

KUPONA NA KURUDI

Watu wa milimani hukosea kupona kwa njia mbili. Wako wanaolala miezi miwili mpaka paja linakonda. Na wako wanaorudi juma la pili kwa sababu uvimbe umekwisha. Wote wawili huumia tena. Kiungo kilichopoteza nguvu hakiko tayari, hata kama hakiumi.

Kipimo chepesi ni hiki. Maumivu yahesabiwe kwa namba, 0 ikiwa hakuna maumivu na 10 ikiwa ni maumivu yasiyovumilika. Zoezi likileta maumivu yasiyozidi 3, na kesho asubuhi yakawa yamerudi yalipokuwa, liendelee, na baada ya siku kadhaa liongezwe kidogo. Yakizidi 3, au kiungo kikaamka kimevimba, lipunguzwe, lisiachwe kabisa.

Kifundo kilichoteguka huanza kwa kuzungushwa, kisha kusimamiwa kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki, kisha kwa mguu mmoja macho yamefumbwa, mwenzako akiwa karibu. Watu wengi hutegua kifundo kile kile kila mwaka kwa sababu hawakufanya jambo hilo dogo.

Kwa maumivu ya muda mrefu ya kano ya kisigino, yaani kano inayouma na kukakamaa asubuhi lakini haikukatika, iko dawa ya ngazi. Daktari Håkan Alfredson wa Sweden, ambaye naye kisigino kilimtesa, alieleza mwaka 1998 zoezi la kusimama kwa ncha za nyayo ukingoni mwa ngazi, kujiinua kwa mguu mzima, kisha kushuka taratibu kwa mguu unaouma mpaka kisigino kiwe chini ya ngazi. Hufanywa mara 15, kwa mafungu 3, asubuhi na jioni, kwa majuma 12. Majuma 12 ni muda mrefu, lakini kano haina njia ya mkato. Jiwe imara la kingo ya shamba latosha kuwa ngazi.

Kwa magoti ya wazee yaliyosagika, wengi huambiwa waache kutembea. Shauri hilo halifai. Goti lisilotumiwa hudhoofu na kuuma zaidi. Mzee akae kitini na kuinuka bila kushika kitu, mara 8 hadi 10, mara mbili kwa siku. Akishindwa aanze na kiti kirefu. Ateremke mlima kwa fimbo, kwa hatua fupi. Mzigo wa kilo 40 ugawanywe safari mbili. Mwenye uzito uliozidi akiupunguza, magoti yatamshukuru. Wagonjwa wa hali hii na wale waliopasuliwa waulizie mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini.

Kabla ya kurudi mchezoni, mtu ajipime: je, aweza kurukaruka kwa mguu ulioumia mara nyingi sawa na mzima? Aweza kukimbia kwa kasi, kusimama na kugeuka pande zote mbili bila woga? Jibu likiwa hapana, bado.

KAZI YA CHAMA

Mambo yote hayo yatabaki maneno ikiwa hakuna wa kuyasimamia. Kila chama kinaweza kufanya mambo matano, na gharama yake ni ndogo.

La kwanza, Bodi iteue mtu mmoja wa kusimamia afya na michezo, na suala hilo liwe ajenda ya kikao cha mwezi wa Aprili. La pili, liwepo sanduku la huduma ya kwanza lenye bendeji, vitambaa safi, mkasi, glovu na vipande vya mbao, pamoja na machela. Mahali pengi milimani mtu hubebwa kabla ya kufika barabarani. La tatu, siku ya michezo gari lijulikane mapema, na namba ya simu ya dereva iwe mfukoni mwa katibu. La nne, pawe na daftari la majeruhi: tarehe, umri, mchezo, sehemu iliyoumia, na siku alizokosa kazi. Daftari hilo likisomwa mwisho wa mwaka litaonyesha ufa uko wapi, kama vile vitabu vinavyoonyesha upotevu ghalani. La tano, kila kazi ya chama iwe na watu wawili wanaoijua, ili mtu aliyeumia asilazimike kurudi mizanini kabla hajapona.

Yapo pia ya wanachama wenyewe. Aliyeumia aseme. Mficha maradhi, kilio humfichua. Wala asiwepo wa kumcheka anayetoka uwanjani au anayevaa koti lake wakati wenzake wanacheza. Kicheko cha watazamaji ndicho kilichompeleka yule karani nyumbani badala ya hospitali.

Ndugu Makatibu, chama kikianza Mei, Julai itakuwa sikukuu kweli. Karani atacheza dakika zake 10 na wenzake wa rika moja, atatoka jasho likimtiririka, atapokea maji na kupongezwa. Na Jumatatu saa moja asubuhi, ukungu ukiwa bado haujainuka, wanachama watamkuta amesimama kwa miguu yake miwili mbele ya mizani, kalamu mkononi.